Maikromita Nne na Nusu

Kwanza nilisikia "ka!" Sauti ndogo, kavu, kama mtu anayevunja njugu kwa meno chumba cha pili. Jicho langu lilikuwa limebanwa kwenye lenzi ya hadubini, na mbele yake hapakuwa na kitu ila weupe mtupu. Sikuwa nimeona mdudu, wala seli, wala hata uchafu. Kazi ya kwanza niliyoifanya maabarani, kabla ya kuona chochote, ilikuwa kuishusha lenzi mpaka ikapasua kioo cha slaidi.

"Hongera," akasema mtu nyuma yangu. "Umepima unene wa kioo. Sasa kipime tena kikiwa vipande viwili."

Huyo alikuwa Mzee Hamisi, mkuu wa maabara, na hayo ndiyo yalikuwa makaribisho yangu.

Ninyi mnaobaki mmeniomba niwaandikie miaka yangu ya kazi. Nadhani keki ya kuniaga ilikuwa imekwisha na mlihitaji kitu cha kujaza jioni. Haya. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwa kuwa vyote viwili vilikuwa vidogo kiasi cha kuhitaji hadubini, na hadubini tulikuwa nayo moja. Jina la kituo chetu sitaliandika. Kiko kusini ya Ukunda, bado ninachukua dawa zangu za presha pale, na mfamasia ana kumbukumbu nzuri.

Wakati ule maabara ilikuwa chumba kimoja chenye meza ya saruji, sinki, kabati, na mlango wa mbao ambao chumvi ya bahari ilikuwa imeuvimbisha tangu kabla sijazaliwa. Mnaujua, maana bado upo. Ukiusukuma unakwama, ukiuacha unabaki wazi kama mdomo wa mtu aliyesahau alichotaka kusema. Ufundi wa kwanza alionifundisha Mzee Hamisi haukuwa wa kitabibu. "Unyanyue kwanza, kisha uvute," alisema. Wengi wamekuja hapa na shahada zao na hawajawahi kuufunga.

Mzee alikuwa mtu mrefu, mwenye kofia nyeupe iliyonyooka na ndevu alizozitia hina. Hakupiga kelele. Alikuwa na ulimi tu, na ulimi ule ulitosha. Alinifundisha nisifumbe jicho la pili ninapotazama, kwa sababu anayelifumba huchoka kabla ya mdudu. Alinifundisha kuitafuta picha kwa kuinua lenzi na si kuishusha. Juu ya yote alinifundisha namba, na somo lenyewe lilianza na ndevu zake. Aling'oa unywele mmoja kidevuni, akauweka kwenye slaidi.

"Una unene gani?"

"Mwembamba sana, Mzee."

"Mwembamba sana ni maneno ya muuza kanga. Mimi nataka namba."

Ndani ya lenzi ya jicho kuna rula ndogo iliyochorwa kwenye kioo. Alama zake hazina maana yoyote mpaka uzilinganishe na slaidi maalumu ya kupimia, yenye milimita moja iliyokatwa vipande mia. Tulilinganisha. Nikahesabu. Unywele ukatoka sufuri nukta sufuri nane ya milimita.

"Sasa niambie kwa maikromita."

Nikahamisha nukta, nikasema nane.

"Umeninyoa bila maji," akasema. "Maikromita nane ni seli ya damu. Ndevu zangu zina hina, binti, lakini hazijawa damu."

Milimita moja ni maikromita elfu moja. Nukta huruka hatua tatu kwenda kulia, hairuki mbili eti kwa sababu mtu ana haraka ya kwenda kula. Unywele ule ulikuwa maikromita themanini. Nilipomuuliza mbona namba imekuwa kubwa na unywele ni ule ule, alinijibu kwa mchele. Pishi moja ukiipima kwa kibaba inakuwa vibaba vinne, na mchele haujaongezeka hata punje. Kipimo kikiwa kidogo, hesabu inakuwa kubwa. Ukitaka kushuka tena, kutoka maikromita kwenda nanomita, ni hatua tatu nyingine, na hapo hadubini yetu ilikuwa inasalimu amri.

Siku ile ile alinichoma kidole kwa sindano. Akaitandaza damu yangu, akaipaka rangi, akaniita nitazame. "Hii ndiyo rula ambayo mwizi hawezi kuiba," alisema. Seli nyekundu ya mtu mzima mwenye afya ina upana wa maikromita saba, au saba na ushei. Mwenye hoteli ya Diani na anayemfulia mashuka, wote saba. Upungufu wa damu unaweza kuzifanya ndogo, kwa hiyo chagua mtu wa kumchoma kama unavyochagua shahidi. Lakini ukipotelewa na kila kipimo duniani, alisema, umebeba mabilioni mwilini.

Nilidhani ni maneno mazuri tu. Nilikuwa kijana, na kijana husikia maneno mazuri kama anavyosikia adhana ya msikiti wa jirani: anajua ipo.

Kanuni nyingine aliirudia mara nyingi hivi kwamba hakuna aliyeisikia. Kila hadubini ina rula yake. Ukibadilisha lenzi, pima upya. Ukiazima, pima upya. Na alipokwisha kupima ile yetu, aliandika jibu kwenye kipande cha plasta ya kidonda, kwa mwandiko wake wa madaha, akakibandika kwenye mguu wa hadubini: lenzi kubwa, alama moja, nusu maikromita.

Miaka mingi plasta ile ilitosha. Ukweli ni kwamba tuliitazama mara chache. Watoto wa shule za Jego walikuja na vichupa vya mkojo, na yai la kichocho lina mwiba mkiani. Huhitaji rula kumtambua mtu anayekuja na mkuki. Malaria nayo hujitambulisha yenyewe. Rula ndani ya lenzi ikawa kama vyombo vya kabati la kioo sebuleni: ipo, inapendeza, haipakuliwi.

Mara moja tu watu wa nje waliuliza habari za vipimo vidogo, nayo ilikuwa mwaka ule wa barakoa. Mwenyekiti wa kamati ya soko alikuja mwenyewe, amejifunika mdomo na kuacha pua wazi ipate hewa.

"Bi Mishi, nionyeshe huyo kirusi. Watu wangu hawaamini wasichokiona."

"Ana kama nanomita mia moja, mwenyekiti. Hadubini hii inakomea kwenye mia mbili."

"Basi mkuze mara mbili."

Nilimwambia kwamba mwanga wenyewe ni mnene kuliko huyo mtu anayemtafuta. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama ofisi ya serikali, akaenda kuwaambia watu wake kwamba maabara haina vifaa. Hakukosea.

Mzee Hamisi alikuwa amestaafu zamani, naye akafariki baadaye, nyumbani kwake, kwa utaratibu. Watu wa maabara tulimzika kwa heshima. Aliyelia kuliko wote alikuwa Salim, mwenzangu tuliyeanza naye karibu wakati mmoja. Salim alikuwa na mikono mizuri kuliko mimi na moyo mlaini kama maandazi ya asubuhi. Alimpenda Mzee kupita kiasi. Kitambaa cha Mzee cha kufutia lenzi alikihifadhi droo ya juu, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, hata lenzi zenyewe.

Haukupita muda tukaletewa hadubini mpya ya msaada. Mimi nilikuwa likizo, Vanga, ninamwoza binti yangu, kwa hiyo hotuba sikuzisikia, Mwenyezi Mungu ana rehema. Niliambiwa kulikuwa na utepe, mapazia, na picha ambazo wapigwa picha wote walitazama lenzi kutoka upande usiofaa. Ile ya zamani ikasogezwa pembeni. Slaidi ya kupimia ikawekwa mahali salama, na ninyi mnajua kwamba kitu kikishawekwa mahali salama hapa kwetu, hakionekani tena.

Niliporudi ndipo nilipokutana na jina la Mwanakombo.

Alikuwa binti wa Jego aliyeolewa Munje, hata mwaka ulikuwa haujapita. Alilazwa kwa kuhara kusikokoma. Kanga iliyokuwa ikimtosha sasa ilimzunguka na kubaki. Salim alikuwa amekipima choo chake kwa rangi maalumu, akaona viduara vyekundu, akavipima kwa rula, akaandika: maikromita nne na nusu.

Hapa niwaeleze wale mliokuwa mnasinzia darasani. Kwa rangi ile kuna vimelea viwili vinavyofanana kama ndugu: viduara, vyekundu, kimya. Mdogo ana maikromita nne hadi sita. Mkubwa ana nane hadi kumi. Mkubwa hufa kwa vidonge vya salfa vya kawaida, vile ambavyo hata sisi huwa tunavyo. Mdogo hana kidonge cha kutegemea katika duka letu la dawa, na akimng'ang'ania mtu mzima kwa muda mrefu, daktari huanza kujiuliza kinga ya mwili imekwenda wapi. Kati ya "meza hivi upone" na "tuongee faraghani" pana upana wa nusu ya seli ya damu.

Jibu lilisema mdogo. Kwa hiyo Mwanakombo akapimwa ukimwi; hana. Akapimwa tena, hana. Siri ya mgonjwa hapa kwetu hutunzwa vizuri sana, na watu wengi. Kabla ya jioni ilikuwa imefika Munje. Mavyaa wake, mama wa Athumani mumewe, alikuja akasimama ukumbini karibu na dirisha letu, buibui safi, kikapu mkononi, akimweleza jamaa yake kwa sauti ya kunong'ona inayosikika mpaka barabarani.

"Hicho kipimo cha damu kinakosea, watu wote wanajua. Lakini cha choo hakikosei. Cha choo kimesema kinga hana. Sasa kinga ya msichana inaendaje, kama si mambo?"

"Na Athumani anasemaje?"

"Athumani atasema nini? Ijumaa baada ya swala wazee watakuja kumchukua msichana, wamrudishe kwao Jego kwa heshima."

Sikilizeni mantiki hiyo. Kipimo kilichomtetea kilikuwa kibovu. Kilichomshtaki kilikuwa hakikosei. Na vyote viwili vilitoka mlango mmoja, ule usiofungika.

Daktari wa wodi, Daktari Njeri, alikuja maabarani kesho yake. Ni mtu wa bara, lakini alikuwa amejifunza kuamkia kabla ya kulaumu.

"Shikamoo, Bi Mishi."

"Marahaba, daktari."

"Huyu msichana wangu na jibu lenu hawapatani. Mmoja wao anadanganya, na msichana hana nguvu za kudanganya. Niangalizie tena ile saizi, tafadhali. Dawa yote iko kwa ile saizi."

Nikaketi kwenye hadubini mpya. Viduara vilikuwepo, wazi, mfano wa ushanga. Lakini vingine vilikuwa vimekolea na vingine vimepauka kama nguo iliyofuliwa mara nyingi, na tabia hiyo ni ya ndugu mkubwa. Nikahesabu alama: tisa. Nikatazama mguu wa hadubini nipate thamani ya alama. Plasta ilikuwepo, na mwandiko wa madaha: nusu maikromita. Tisa mara nusu, nne na nusu. Salim hakukosea hesabu.

Nikaendelea kuitazama plasta. Pembe zake zilikuwa na gundi mbichi. Kumbe marehemu alikuwa amepima hadubini iliyofika baada ya matanga yake.

"Salim," nikaita. "Plasta hii imefikaje hapa?"

"Niliihamisha, dada. Kwa wembe, polepole, isije ikachanika."

"Kwa nini?"

"Ni mkono wa Mzee," akasema, kama mtu anayeeleza jambo lisilohitaji kuelezwa. "Ningeiachaje kule pembeni na vumbi?"

"Shati la marehemu ukimpa mtu, huangalii kwanza kama linamtosha?"

Alikuwa ameanza kuelewa, na uso wake ulikuwa unashuka taratibu. Slaidi ya kupimia haikujulikana iliko. Nikamwambia alete kidole.

"Kidole cha nini?"

"Rula ya Mzee. Unampenda Mzee au humpendi?"

Salim alikuwa na afya ya mtu anayekula wali wa nazi mchana na usiku. Nikamchoma, nikatandaza, nikapaka rangi, nikaweka tone la mafuta. Nikapanga seli zake kwenye rula, moja, nyingine, nyingine tena. Zote zilikaa kwenye alama saba, zimetulia kama watoto wa chuo cha Kurani mwalimu akiwepo.

"Alama saba," nikasema. "Kwa hesabu ya plasta yako, seli zako zina maikromita tatu na nusu. Pole sana. Umekufa tangu asubuhi."

"Innalillahi," akasema Salim, na sikujua kama anajililia yeye au Mzee.

Mtu akiwa hai mbele yako na hesabu inasema amekufa, chagua mtu. Seli ni maikromita saba. Alama ni saba. Basi alama moja ya hadubini mpya ni maikromita nzima, si nusu. Viduara vya Mwanakombo vya alama tisa vilikuwa na maikromita tisa. Ndugu mkubwa. Yule wa vidonge.

Daktari Njeri alikuwa amesimama muda wote huo. "Mniandikie upya," akasema, na alikuwa amekwisha kufika mlangoni. Aliuacha wazi, bila shaka.

Slaidi tuliipata alasiri ile, Salim akiwa amepindua kabati zima. Ilikuwa kwenye bati la biskuti, chini ya mapazia ya sherehe, imefungwa kwa ule utepe. Tukailinganisha. Kila kipande kidogo cha slaidi, sufuri nukta sufuri moja ya milimita, kilimeza alama kumi sawasawa. Damu ya Salim ilikuwa imesema kweli. Yeye mwenyewe ndiye aliyechukua wembe, akaibandua plasta polepole, akairudisha kwenye hadubini ya zamani, ambako ilikuwa bado haijakosea hata siku moja.

Dawa ilianza kazi yake bila hotuba. Wazee walipofika Ijumaa na kanzu zao zilizopigwa pasi, walimkuta Mwanakombo ameketi kitandani anakula muhogo wa nazi na kuulizia mwingine. Daktari Njeri aliwaeleza, kwa ruhusa ya mgonjwa, kwamba ni kimelea cha maji au mboga mbichi, kinampata mtu yeyote, na kinakufa. Wazee wakatazamana. Ujumbe uliokuja kumrudisha ukageuka kuwa ujumbe wa kumjulia hali, bila mtu hata mmoja kubadilisha kofia.

"Alhamdulillahi," akasema mavyaa. "Mimi nilijua tu."

Alijua. Watu wote walijua.

Siku aliyoruhusiwa, nilisikia hodi maabarani na mlango ukigombana na mtu.

"Unyanyue kwanza," nikasema, "kisha usukume. Ukitoka, unyanyue hivyo hivyo, uvute."

Mwanakombo akaingia. Alikuwa bado mwembamba, lakini kanga ilikuwa imeanza kumtambua. Akaniamkia, akaomba kumwona huyo mdudu. Nilikuwa bado na slaidi yake. Nikamketisha, nikamwambia asifumbe jicho la pili. Alitazama kwa muda mrefu.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Ana ukubwa gani?"

"Maikromita tisa."

"Mimi niliishia rula ya shule, mama."

"Kwa rula ya shule, ichukue milimita moja, uikate mara elfu, uchukue vipande tisa. Sufuri nukta sufuri sufuri tisa."

"Na yule waliyesema ninaye?"

"Nne na nusu."

Alikuwa anatoa nne na nusu kwenye tisa, nadhani, na hesabu ile haina ugumu. Kisha akainua uso kutoka kwenye lenzi.

"Basi nyumba yangu ilikuwa na ukuta wa maikromita nne na nusu."

Nikaitoa slaidi yake kwenye hadubini, nikaifuta mafuta.

Mlango ukasukumwa, ukakwama, ukasukumwa tena. Mavyaa akaingia na kikapu chake, na Athumani nyuma amebeba mfuko wa nguo za hospitali. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona Athumani karibu: kijana mzuri, macho kwenye vidole vya miguu yake.

"Mwanakombo, mwanangu!" akasema mavyaa. "Gari linasubiri. Nyumbani nimekupikia samaki wa kupaka."

"Ahsante, mama. Nguo zangu zitieni kwenye sanduku, kaka yangu atazipitia. Mimi ninakwenda Jego."

"Jego? Jego kufanya nini, na umepona?"

"Si mlikuwa mnanipeleka? Nimeona nisiwachoshe."

Athumani akainua macho hatimaye. "Mwanakombo, yale yalikuwa maneno ya watu."

"Na wewe hukuwa mtu?"

Alisema bila ukali, kama anayeuliza njia. Akauchukua ule mfuko mkononi mwa mumewe, kwa adabu, akanishukuru, akamuaga mavyaa wake kama mke mwema anavyomuaga mavyaa. Kisha akatoka. Nilingoja mlango ubaki wazi kama siku zote. Nikaona vidole vyake vimeushika ubao kutoka nje, nikaona mlango unanyanyuka kidogo, unavutwa, na ukajifunga wote, sisi watatu tukabaki ndani na vichupa vya choo.